"Ndivyo Alivyo": Tabia ya Mtu Inatoka Wapi?

Mtu akifanya jambo la kutushangaza, jibu letu la haraka ni moja: "Ndivyo alivyo." Kijana ameacha kazi ya tatu, ndivyo alivyo. Dada amekaa pembeni kwenye sherehe hasemi na mtu, ndivyo alivyo. Jibu hili linaridhisha kwa sababu linafunga mjadala, lakini ukilikagua utaona halijaeleza kitu. Tumejuaje kwamba fulani ni mkali? Kwa sababu hufoka. Na kwa nini hufoka? Kwa sababu ni mkali. Tumezunguka na kurudi palepale.

Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia huko Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, na tangu hapo taaluma hii imetafuta namna ya kutoka kwenye mzunguko huo. Kwa miongo mingi wanasaikolojia walikaa kambi mbili zinazorushiana maneno, moja ikisema mtu huzaliwa alivyo, nyingine ikisema mtu hutengenezwa. Methali zetu nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Mtu yuleyule atakuambia leo "mtoto wa nyoka ni nyoka" na kesho "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", wala hataona kwamba amejipinga. Ukweli ni kwamba kila methali imeshika kipande. Kinachopotoshwa sana ni namna vipande hivyo vinavyoungana, na upotoshaji huo unaumiza watu: wazazi wanabebeshwa lawama isiyo yao, na watoto wanabandikwa sifa zinazowaganda hadi utu uzima.

Tuanze na kinachoonekana kabla malezi hayajapata muda wa kufanya kazi. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza mamia ya watoto wa miezi minne. Mtoto anakalishwa kwenye kiti cha kuegemea, halafu vitu vya rangi vinaning'inizwa na kuchezeshwa mbele ya macho yake. Anasikilizishwa sauti ya mtu asiyemwona. Ananusishwa pamba iliyochovywa kwenye pombe iliyozimuliwa. Hakuna cha kutisha hapo, na watoto wengi hutazama tu, labda wakapiga teke moja mbili. Lakini takriban mmoja kati ya watano hurusha mikono na miguu, hukunja mgongo, kisha hulia. Kagan na wenzake waliendelea kuwafuata watoto hao, na wale waliohangaika hivyo walielekea zaidi kuwa waoga wa wageni na wa mambo mapya walipofikia umri wa kutembea na kuanza kusema.

Hiyo ndiyo hulka: namna mwili na ubongo wa mtu unavyopokea mambo, kasi ya kushtuka, kasi ya kutulia. Mama hajamfundisha mtoto wa miezi minne kuogopa harufu ya pombe.

Kuna sehemu ya matokeo hayo ambayo haisimuliwi sana. Ni wachache tu kati ya waliohangaika walioendelea kuwa waoga kupita kiasi utoto wao wote. Wengi walisogea katikati. Kilichokuwa adimu ni mtoto kuvuka kabisa kutoka ncha moja hadi nyingine, aliyekuwa mwoga mno akawa asiyejali kitu. Kwa hiyo hulka haimwandikii mtoto atakuwa nani. Inafanya njia fulani ziwe rahisi kwake na nyingine ziwe ngumu.

Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa magonjwa ya akili waliokuwa mume na mke, walianza mwaka 1956 huko New York kuwafuatilia watoto tangu uchanga. Waliona watoto wepesi, wanaolala na kula kwa utaratibu. Watoto wagumu, wenye kilio kikali na wasioshika ratiba. Na watoto wanaochelewa kuzoea. Lakini wazo lao lenye thamani kubwa zaidi halikuwa mgawanyo huo. Walisema tuangalie kama hulka ya mtoto inapatana na mahali alipo na watu wanaomlea. Mtoto mwenye nguvu nyingi, asiyetulia, akilelewa na watu wanaompa nafasi ya kukimbia, anaitwa mchangamfu. Mtoto huyohuyo akiwa kwenye chumba kidogo na mlezi aliyechoka anayetaka kimya, anaitwa mtundu, anachapwa, anajibu kwa hasira, naye mlezi anazidisha. Baada ya miaka kumi kuna kijana mgomvi, na kila mtu anasema alizaliwa hivyo.

Basi ni kiasi gani kinarithiwa? Njia iliyotumika zaidi kulijibu swali hili ni mapacha. Mapacha wa yai moja wana jeni zinazofanana karibu zote. Mapacha wa mayai mawili hufanana kama ndugu wa kawaida, wastani wa nusu ya zile jeni zinazotofautiana kati ya watu. Wote hukulia tumbo moja na nyumba moja kwa wakati mmoja. Kama wa yai moja wanashabihiana kitabia kuliko wale wengine, kuna sababu ya kushuku jeni. Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 1979 alitafuta mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga na kulelewa na familia tofauti. Katika vipimo vya tabia, mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali walifanana karibu sawa na wale waliolelewa pamoja. Mwaka 2015, Tinca Polderman na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti za mapacha za miaka 50, machapisho 2,748 yenye jozi zaidi ya milioni 14. Wastani wa urithi kwa sifa zote zilizopimwa, za mwili na za akili, ulikuwa asilimia 49.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo naomba tukae kidogo.

Asilimia 49 haimaanishi kwamba nusu ya ukali wako umetoka kwa babu yako na nusu nyingine umetoka mtaani. Takwimu hiyo haimzungumzii mtu mmoja hata kidogo. Inazungumzia tofauti kati ya watu wa kundi fulani, katika mazingira fulani, wakati fulani. Chukua vidole. Kwamba binadamu ana vidole kumi vya mikono ni kazi ya jeni, hakuna ubishi. Lakini ukiwachunguza watu wazima ukauliza kwa nini fulani ana tisa, mara nyingi utakuta ni mashine au ajali. Kwa hiyo urithi wa tofauti za idadi ya vidole unakaribia sifuri, ingawa vidole vyenyewe vimejengwa na jeni. Na kinyume chake: wape watoto wote wa mahali fulani chakula kilekile na shule ileile, tofauti zitakazobaki kati yao zitatokana zaidi na jeni, na asilimia ya urithi itapanda, bila jeni hata moja kubadilika.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kilichorithiwa hakibadiliki. Fenilketonuria ni ugonjwa wa kurithi kabisa, unaosababishwa na hitilafu katika jeni moja. Mwili wa mtoto hushindwa kuvunjavunja kiambato kimoja kilichomo kwenye vyakula vya protini, nacho kikijikusanya huharibu ubongo. Mtoto huyohuyo akigunduliwa mapema kwa tone la damu la kisigino na kupewa mlo maalumu, ubongo wake hukua vizuri. Jeni ni ileile, maisha ni mawili tofauti. Kama hilo linawezekana kwa jeni moja yenye nguvu kubwa namna hiyo, sembuse tabia kama uchangamfu au wasiwasi, ambazo zinahusiana na jeni nyingi mno, kila moja ikiwa na athari ndogo sana. Waliotafuta jeni moja ya huzuni au jeni moja ya ukatili wameambulia patupu. Jeni moja inayohusika na kemikali ya serotonini ilivuma sana baada ya mwaka 2003, ikasemwa kwamba humfanya mtu azidiwe na sonona anapopatwa na misukosuko. Watafiti walipoipima tena kwa takwimu za mamia ya maelfu ya watu, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, dai hilo halikusimama.

Tena jeni na mazingira havikai kila kimoja upande wake kama timu mbili uwanjani. Mtoto anayependa kusikiliza hadithi huwavuta watu wazima wamsimulie, na kadiri wanavyomsimulia ndivyo anavyopata maneno mengi na kuzidi kupenda hadithi. Mtoto anayejikunyata hupishwa, huachwa na utulivu wake, hivyo hupata nafasi chache za kuzoea watu. Akikua, mtu huchagua mwenyewe marafiki, kazi na mwenzi wanaolingana na alivyo, nao humkoleza. Ukija kumpima akiwa na miaka 40, huwezi tena kutenganisha rangi na maji.

Matokeo mengine ya tafiti za mapacha na za watoto waliochukuliwa kulelewa na familia nyingine yamewashangaza hata waliozifanya. Kukulia nyumba moja hakuwafanyi ndugu wafanane sana kwa tabia kupita kile ambacho jeni zao zingewafanya wafanane. Kuna waliotafsiri kwamba wazazi hawana maana. Nadhani wamekosea. Kwanza, ndugu wawili hawaishi nyumba moja kwa namna moja: wa kwanza alizaliwa wazazi wakiwa wageni wa ulezi na wenye wasiwasi, wa mwisho alikuta wamezoea, mmoja alikuwa na miaka 12 baba alipopoteza kazi, mwingine alikuwa na miwili. Pili, vipimo hivyo hupima uchangamfu, wasiwasi na kadhalika. Havipimi kama mtoto alilala kwa amani, kama ana lugha, imani na ustadi aliopewa nyumbani, wala kama atarudi kumtembelea mama yake. Tatu, tafiti hizo kwa kawaida huhusisha familia za kawaida. Zinaonyesha kwamba tofauti ndogondogo za mitindo ya ulezi hazina nguvu tulizozidhania. Hazisemi kwamba mtoto anaweza kukosa ulezi na akawa salama.

Tunalijua hilo kwa uchungu. Baada ya utawala wa Nicolae Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, dunia iliona vituo vya Romania vilivyojaa watoto walioachwa, wakilishwa na kubadilishwa nguo bila mtu wa kuwashika. Kuanzia mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 jijini Bucharest. Baadhi waliwekwa kwa familia za kulea na wengine wakabaki kwenye utaratibu uliokuwepo, kwa kura. Waliohamishiwa kwenye familia walipata nafuu katika mambo mengi, na kwa uwezo wa kujenga uhusiano wa karibu na mlezi, waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi walifanya vizuri zaidi. Mtoto anahitaji mtu. Mary Ainsworth alikuwa ameliona hilo kwa upande wa heri, alipokaa na familia 26 karibu na Kampala, Uganda, katikati ya miaka ya 1950, akitazama jinsi watoto wanavyomtumia mama kama kituo: wanatambaa kwenda kuchunguza, wanageuka kumtazama, wanaendelea. Msingi wa kazi yake maarufu ya baadaye kuhusu mtoto na mlezi uliwekwa pale.

Hulka ikishakutana na ulezi, kujifunza kunaendelea kila siku, mara nyingi bila mtu kujua kwamba anafundisha. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa huanza kutoa mate kwa ishara tu, ikiwa ishara hiyo imetangulia chakula mara nyingi. Mwaka 1920, John Watson na Rosalie Rayner walimfanya mtoto ambaye hakuwa ametimiza mwaka amwogope panya mweupe, kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake kila alipomgusa mnyama huyo. Jaribio hilo ni la kikatili na leo lisingeruhusiwa, na ni haki lisiruhusiwe.

B. F. Skinner aligeukia upande wa matokeo: tendo linalofuatiwa na faida hurudiwa. Kilicho muhimu kwa mlezi yeyote ni kwamba faida inayokuja mara mojamoja, bila kutabirika, hukazia tendo kuliko ile inayokuja kila mara. Tazama mtoto anayelilia simu. Siku ya kwanza mama anakataa, ya pili anakataa, ya tatu analia kwa nguvu zaidi na mama anakataa, ya nne mama ana mgeni na aibu inamshika, anampa. Mama anadhani amekubali mara moja tu kati ya nne. Mtoto amejifunza kwamba kilio kirefu, mbele ya watu, hulipa. Wakati mwingine atalia mara kumi bila kukata tamaa. Majirani watasema ana kichwa kigumu.

Albert Bandura akaongeza jambo ambalo Skinner hakulipa uzito: tunajifunza kwa kutazama, hata tusipopewa chochote. Mwaka 1961, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, watoto 72 walishiriki jaribio ambamo baadhi yao walimwona mtu mzima akilipiga na kulitukana sesere kubwa la kupulizwa. Walipoachwa peke yao na sesere hilo, walioona fujo walizirudia, wengine kwa maneno yaleyale. Katika jaribio la baadaye, watoto waliomwona mtu huyo akiadhibiwa kwa fujo zake waliiga kidogo. Ungesema adhabu imewafunza. Lakini walipoahidiwa zawadi kama wataonyesha walichokiona, tofauti ilitoweka. Walikuwa wamekihifadhi chote. Mtoto anayeona ugomvi nyumbani na haurudii anaweza kuwa ameshaujifunza, anasubiri mahali pake.

Bado tumebaki na kitu tunachokisahau kuliko vyote, nacho ni hali aliyomo mtu kwa dakika ile. Mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja aliombwa kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi, na wengine mada yao ilikuwa mfano wa Msamaria mwema. Njiani, mlangoni, alikuwepo mtu amejiinamia, anakohoa na kugugumia. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wameambiwa wamechelewa, baadhi wana muda wa kutosha. Wasio na haraka, asilimia 63 walisimama kusaidia. Wenye haraka kubwa, asilimia 10. Namna mtu alivyoielewa dini yake haikutabiri kama angesimama au angepita, na kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukubadilisha mambo kwa kiwango cha kuhesabika. Saa ndiyo iliyoamua.

Stanley Milgram alikuwa amepata jambo zito zaidi. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walikubali, kwa amri ya mtafiti, kubonyeza swichi hadi ya mwisho ya volti 450, wakiamini wanampiga mwenzao shoti. Hakuna aliyepigwa shoti yoyote, lakini wao hawakujua. Mtafiti alipotoa amri kwa simu badala ya kukaa chumbani, waliofika mwisho walishuka hadi karibu mmoja kati ya watano. Watu walikuwa wa aina ileile, umbali wa mwenye amri ndio uliobadilika.

Mwaka 1968, Walter Mischel alitumia matokeo ya aina hii kuuliza kama kweli kuna kitu kinachoitwa tabia ya mtu. Ubishi uliozuka ulidumu miaka mingi, na mwisho wake ulikuwa na manufaa. Tendo moja la mtu haliwezi kutabiriwa vizuri kwa kujua tabia yake, lakini wastani wa matendo yake ya wiki kadhaa unatabirika vizuri sana. Mischel na Yuichi Shoda walipowatazama watoto kambini waliona pia kwamba kila mtoto ana mpangilio wake: huyu hugomba akikosolewa na mtu mzima lakini ni mpole kwa wenzake, yule hugomba wenzake wakimsogelea lakini akionywa hutii. Ukiwahesabia ugomvi utapata idadi ileile na utawaita wote "wagomvi". Sifa hiyo haikusaidii kumlea hata mmoja wao. Swali lenye tija ni anagomba lini, na nani, baada ya kitu gani.

Kwa nini basi hatuulizi hivyo? Mwaka 1967, Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wakati huo. Hata walipoelezwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuandika, wasomaji waliendelea kuamini kwamba kwa kiasi fulani alichoandika ndicho anachokiamini. Tunamwona mtu, hatuoni kilichomsukuma. Kwetu wenyewe tunayaona yote: leo nimefoka kwa sababu sikulala, kwa sababu ya deni, kwa sababu mtoto anaumwa. Mwingine akifoka, ni mkali.

Je, mtu hubadilika? Brent Roberts na wenzake waliunganisha mwaka 2006 tafiti 92 zilizofuatilia watu kwa miaka, wakaona kwamba kwa wastani watu huzidi kuwajibika na kutulia kihisia wanapoingia utu uzima, hasa kati ya miaka 20 na 40, na mabadiliko hayakomi hapo. Mwaka 2017 kundi hilohilo lilipitia tafiti 207 za tiba na mafunzo. Baada ya wastani wa wiki 24, wasiwasi wa kudumu ndio uliopungua zaidi kuliko sifa nyingine yoyote. Wakati huohuo Nathan Hudson alikuwa akiwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu waliotaka wenyewe kubadili tabia. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2019, kwa wiki 15 walichagua kazi ndogondogo za kufanya, kwa mfano anayetaka kuwa mchangamfu amsalimie muuzaji dukani, na aliyefaulu akapewa ngumu zaidi. Waliotimiza kazi nyingi walisogea kuelekea walikotaka. Waliozikubali kisha wasizifanye hawakusogea, ingawa nao walikuwa wamesema wanataka.